Kibarua na Karatasi Yake: Historia ya Maandishi ya Kazi katika Mashamba ya Karafuu ya Pemba tangu 1897

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia maandishi yaliyowahusu wafanyakazi wa karafuu kisiwani Pemba tangu amri ya kukomesha utumwa ya 1897 hadi sheria za kazi za 2005. Yanahoji dhana kwamba andiko la kazi huwa limeeleweka pindi linapoandikwa kwa Kiswahili. Kwa kuchunguza maneno yaliyobeba masharti ya kazi, miongoni mwake siku, ngwe, pishi, kibarua na kiinua mgongo, makala yanadai kuwa masharti yalieleweka pale yalipotumia vipimo ambavyo mfanyakazi aliweza kuvihakiki mwenyewe, na kwamba ushahidi mzito wa kueleweka huko ni kukataa kwake.

1.0 Utangulizi

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson inalieleza neno kibarua kwa maana mbili. Ya kwanza ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Ya pili ni mtu wa kazi ya kutwa, na sababu yake inatajwa hapohapo: mtu huyo alipewa kikaratasi kwa kazi ya siku, naye alikirudisha wakati wa kulipwa. Baadaye neno likasogea hatua nyingine, likawa jina la kazi yenyewe, hata mtu aliyeachishwa kazi akasemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Safari hii ya maana, kutoka karatasi hadi mtu na kutoka mtu hadi kazi, imehifadhi kumbukumbu ambayo wanahistoria wa kazi katika mwambao hawajaitumia vya kutosha. Inaonyesha kuwa maandishi hayakuwa jambo geni lililoletwa kazini na ofisi za kikoloni. Mfanyakazi wa kutwa aliitwa kwa jina la andiko lake.

Kikaratasi hicho kilikuwa andiko jepesi kwa maana kamili ya neno hilo. Kilisema jambo moja tu: fulani amefanya kazi siku moja na bado hajalipwa. Aliyekishika hakuhitaji kujua kusoma ili ajue anachodai, wala hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Akiwa na vikaratasi vinne, anadai siku nne. Hesabu ilikuwa mkononi mwake.

Mjadala wa leo kuhusu lugha nyepesi katika maandishi ya ofisi na kazi kwa kawaida huelezwa kuwa ulianzia mbali na mwambao. Hutajwa kitabu ambacho Ernest Gowers aliwaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza mwaka 1948, na siku hizi hutajwa kiwango cha kimataifa ISO 24495-1 cha mwaka 2023, ambacho kinalihesabu andiko kuwa jepesi endapo msomaji anapata anachokihitaji, anakielewa, na anaweza kukitumia. Sharti la tatu ndilo husahaulika mara nyingi. Wataalamu wa lugha hupima urefu wa sentensi na ugumu wa msamiati, kisha huishia kwenye sharti la pili. Historia ya Pemba inalazimisha mtafiti aende hadi la tatu, kwa kuwa huko andiko la kazi lilianza kama swali la uhuru wa mtu: atalitumia kufanya nini?

Pemba imechaguliwa kwa sababu ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa; tangu hapo kisiwa hicho ndicho kimetoa sehemu kubwa ya zao hilo. Mkarafuu hauna subira. Ua lisipochumwa likiwa bado limefumba hupoteza thamani, na msimu ukifika mwenye shamba huhitaji mikono mingi kwa wiki chache, kisha haihitaji tena. Hakuna zao lililomlazimisha tajiri kukubaliana na mfanyakazi upesi zaidi, wala lililoyafanya makubaliano hayo yawe mafupi zaidi.

2.0 Kifungu cha 4

Mnamo Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akishinikizwa na Waingereza, alitoa amri iliyoziondolea mahakama za Unguja na Pemba uwezo wa kutambua haki ya mtu kummiliki mwenziwe. Amri haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende akaudai. Kifungu cha 4 kilimwekea masharti: aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji, na makazi hayo yakiwa katika ardhi ya mtu mwingine, alitakiwa amlipe mwenye ardhi kodi, ambayo ingeweza kuwa kazi au mazao, kwa kadiri watakavyoafikiana mbele ya mahakama ya wilaya.

Hapa ndipo mkataba wa kazi wa mashamba ya Pemba ulipozaliwa, na ulizaliwa ndani ya sentensi moja yenye masharti juu ya masharti. Mtu aliyekuwa mtumwa wa shamba karibu na Chake Chake au Wete alipaswa kuelewa kwamba uhuru wake unategemea makazi, kwamba makazi hayo kwa vyovyote yako katika ardhi ya bwana wake wa jana, kwamba ardhi hiyo ina kodi, na kwamba kodi hiyo ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya. Neno lililobeba mzigo wote ni kodi. Kwa mwenye nyumba wa mjini, kodi ni fedha ya kila mwezi. Kwa mtu wa shambani aliyeambiwa kuwa yu huru, kusikia kwamba atalipa kodi kwa jembe lake ni kusikia maneno mawili yanayopingana.

Msimamizi mkuu wa shughuli hizo Pemba alikuwa John Prediger Farler, Kamishna wa Utumwa, padri wa zamani wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliyekaa miaka mingi Magila katika nchi ya Bonde kabla ya kuingia serikalini. Alikuwa mjuzi wa mambo ya mwambao na Kiswahili hakikuwa kigeni kwake. Kwa hiyo tatizo la mikataba ya Pemba haliwezi kuelezwa kwa urahisi kwamba lilikuwa la afisa asiyejua lugha ya watu. Watu walisemeshwa kwa Kiswahili. Tatizo lilikuwa kwamba mambo matatu yalipita njia tatu tofauti: sheria iliandikwa katika lugha za serikali, maelezo yakatolewa kwa mdomo, na rekodi ikabaki kwenye daftari ambalo mfanyakazi hakuwa na njia ya kulifungua. Ikitokea kutoelewana baada ya miezi sita, daftari ndilo lililosema, wala si maelezo.

Isifikiriwe kuwa Pemba ya wakati huo ilikuwa nchi isiyo na kalamu. Ndicho kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi ambao tungo zao zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu na vichwani mwa watu, na ambazo zimekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba (2011), kazi ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla. Barua, wasia, hati za rehani na za mauzo ya mashamba ziliandikwa kwa hati hiyohiyo. Kusoma kulikuwapo, ila kulikuwa kumegawanyika kwa tabaka na kwa aina ya hati. Mwana wa chuoni aliyehitimu Kurani aliweza kuisoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini akakwama mbele ya tangazo la herufi za Kirumi. Aliyefundishwa na wamisheni alikuwa kinyume chake. Aliyelelewa utumwani aghalabu hakuwa na hii wala ile. Andiko lolote la kazi kwa hiyo lilimkuta msomaji mmoja na kumpita mwingine, na katikati yao akasimama msomaji wa kuazima: karani, mwalimu, msimamizi wa shamba. Mara nyingi huyu wa mwisho alikuwa mtu wa mwenye shamba.

Neno la pili la kuchunguzwa ni siku. Mikataba ya kodi ya kazi ilihesabiwa kwa siku za wiki. Katika desturi ya mashamba kabla ya 1897, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za mtumwa mwenyewe, za kulima konde lake na kuhudhuria sala. Mkataba uliotaja idadi ya siku bila kuzitaja kwa majina uliacha mlango wazi. Je, siku mbili za zamani zimo ndani ya siku alizobaki nazo mfanyakazi, au ni nyongeza? Zaidi ya hapo, siku ya Mswahili huanza jua linapotua, na mwezi wa Mwislamu ni wa kuandama, wa siku 29 au 30. Mwezi wa daftari la serikali ulifika hadi siku 31. Wakulima nao walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi na kugawanywa kwa miongo ya siku kumikumi, hesabu iliyofuatwa katika kupanda na kuvuna. Kwa hiyo maneno siku, wiki na mwezi, ambayo mwandishi yeyote wa leo angeyaona kuwa mepesi kupita kiasi, yalikuwa ndiyo magumu kuliko yote ndani ya mkataba. Msamiati wa kawaida haukuhakikisha maana moja.

Tofauti yake ilikuwa ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kulimwa au kupaliliwa, na kinaonekana. Mpaka wake ni kamba au mti. Palizi lililoafikiwa kwa ngwe halikuhitaji kalenda ya mtu yeyote: likiisha, limeisha, na anayelipaliza na anayelilipia wanaliona pamoja.

Wamisheni wa Jumuiya ya Marafiki, waliofika mwaka 1897 na kununua shamba Banani chini ya uongozi wa Theodore Burtt, walichagua njia nyingine. Waliwalipa watu waliokuwa watumwa ujira wa fedha na kuwafundisha kusoma. Henry Stanley Newman aliisimulia kazi hiyo katika kitabu chake Banani cha 1898. Inafaa kukisoma kwa tahadhari, kwa kuwa kiliandikwa ili kuwavutia wafadhili wa Uingereza, lakini jambo moja linajitokeza humo bila kukusudiwa: uhuru ulieleweka upesi zaidi ulipotafsiriwa kuwa malipo ya kazi iliyotajwa kuliko ulipotafsiriwa kuwa hadhi mpya ya kisheria.

Je, waliokuwa watumwa waliielewa mikataba ya mahakamani? Frederick Cooper, katika utafiti wake wa 1980 kuhusu kazi na kilimo Zanzibar na pwani ya Kenya, anaonyesha kuwa mpango wa kuwafunga watu shambani kwa mikataba haukudumu. Watu walihama shamba hadi shamba, wakakaa kwa maafikiano ya mdomo, wakapalilia walipotaka na kuchuma kwa fedha msimu ulipofika. Maafisa wa wakati huo walikuwa wepesi kulitaja jambo hili kuwa uvivu au ujinga wa kutojua wajibu. Usomaji wa haki zaidi ni kwamba waliielewa sana. Waliona kuwa kodi ile ni utumwa wa siku chache, wakaikwepa. Mtu hawezi kukwepa kwa ustadi kitu asichokijua. Elisabeth McMahon (2013), aliyechunguza kumbukumbu za Pemba za kipindi hichohicho, ameeleza jinsi watu hao walivyoitafuta heshima kwa njia zao wenyewe: ndoa, dini, ujirani, umiliki mdogo. Mkataba wa kazi haukuwa na nafasi katika njia hizo, kwa kuwa kila aliyeusikia aliutambua jina lake la zamani.

Wanawake waliokuwa masuria walibaki nje ya hayo yote kwa muda mrefu zaidi. Amri ya 1897 iliwabagua, na haki ya kudai uhuru kwa masharti sawa na wengine haikuwafikia hadi 1909. Kwao lugha ya sheria ilikuwa wazi kabisa, na uwazi wake ulikuwa wa mlango uliofungwa.

3.0 Pishi

Kazi ya kuchuma ilikuwa na andiko lake lisilo na herufi. Mchumaji alipanda mkarafuu, akavuta matawi, akashuka na vichala. Jioni vichala vilichambuliwa, karafuu ikatengwa na makonyo, na zilizochambuliwa zikapimwa kwa pishi kabla ya kuanikwa juu ya majamvi. Malipo yalikuwa kwa pishi. Pishi moja ni vibaba vinne. Mtoto alijua hivyo kwa sababu nyumbani mchele ulipimwa kwa kipimo hichohicho.

Wachunguzi wa uchumi wa karafuu wameipita pishi haraka, wakiibadilisha kuwa ratili na kuendelea. Kwa historia ya lugha ya kazi, hilo ni kosa. Pishi ilikuwa sharti la mkataba, risiti, na ushahidi kwa pamoja. Ilikuwa na udhaifu wake pia, na watu waliujua kwa majina. Pishi ya mfuto hupigwa mkono juu yake ikawa sawa na ukingo. Iliyorundikwa hadi kilele hubeba zaidi. Mpimaji aliyerundika wakati wa kupokea na kufuta wakati wa kulipa alikuwa mwizi, na lugha ilikuwa na maneno ya kumshitaki. Neno mfuto lilikuwa kifungu kizima cha sheria. Yeyote aliyesimama karibu na jamvi aliweza kuuliza kwa nini pishi haikufutwa, bila kusubiri karani.

Mambo yalibadilika kadiri taasisi zilivyoingia kati ya jamvi na meli. Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa mwaka 1927, na sheria za miaka ya 1930 zikakipa mamlaka makubwa katika ununuzi na usafirishaji, hadi wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu mwaka 1937. Kuhusu mgogoro huo kumeandikwa mengi. Kwa mfanyakazi, kilichobadilika ni kwamba bei ya pishi yake ilianza kuamuliwa na maneno yaliyokuwa mbali naye: daraja, unyevu, ushuru, ruhusa. B. H. Binder aliandika ripoti yake kuhusu biashara ya karafuu mwaka 1936, kwa Kiingereza, ikijadili gharama ya kuchuma kama tarakimu mojawapo. Mchumaji yumo ndani ya ripoti hiyo, lakini haikuandikwa ili aisome.

4.0 Kiswahili sanifu na sharti la kuelewa

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na lahaja ya Kiunguja cha mjini ikawa msingi wa usanifishaji. Kwa maandishi ya serikali lilikuwa jambo la manufaa: tangazo moja lingeweza kubandikwa Mombasa, Tanga na Mkoani. Kwa Pemba lilikuwa na gharama. W. H. Whiteley, alipochapisha uchunguzi wake wa lahaja na ushairi wa Pemba mwaka 1958, aliweka neno lahaja katika wingi tangu kwenye jina la kitabu. Kisiwa chenyewe hakikuwa na usemi mmoja. Msomaji wa Micheweni aliyelikuta tangazo la sanifu hakulikuta kwa lugha ngeni, lakini alilikuta kwa sauti ya mjini, sauti ya mtu anayetoka ofisini. Umbali huo hauonekani katika kipimo chochote cha urefu wa sentensi.

Wakati huohuo sheria ya kimataifa ilianza kuuliza swali la kuelewa. Mkataba Na. 64 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 1939 kwa ajili ya wafanyakazi wenyeji wa makoloni, ulitaka ajira ya miezi 6 au zaidi iandikwe, na afisa wa serikali ahakikishe kwamba mfanyakazi ameyaelewa masharti kikamilifu kabla ya kutia saini au kuonyesha ridhaa kwa njia nyingine. Muhtasari wa mkataba huo ulitakiwa uchapishwe katika lugha inayojulikana na wafanyakazi, na ubandikwe mahali pa wazi inapobidi.

Ni maneno mazuri. Yalijengwa, hata hivyo, kwa picha ya mfanyakazi wa mgodi au wa shamba la mkonge: anayesafirishwa mbali na kwao, anayefungwa kwa muda mrefu, mwenye kipande cha siku 30 cha kutiwa alama kila kutwa. Mchumaji wa karafuu hakuwamo. Msimu wake ni wa wiki, wala si wa miezi 6. Kwa hiyo katika miaka ambayo dunia iliandika kwa mara ya kwanza kuwa mfanyakazi wa koloni lazima aelewe anachotia saini, kazi iliyokiendesha kisiwa kizima cha Pemba ilibaki chini ya kizingiti cha sheria hiyo. Iliendelea kuishi kwa mdomo na kwa pishi.

Ofisi nazo zilizidi kujenga mtindo wao. Mtindo huo unaweza kuonyeshwa kwa mfano uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, kwa kufuata kawaida za matangazo ya kiofisi:

(a) Malipo ya uchumaji yatafanyika kwa kuzingatia kiasi cha karafuu kitakachowasilishwa baada ya kukamilika kwa uchambuaji, isipokuwa pale itakapobainika kuwepo kwa uchafu.

(b) Utalipwa kwa kila pishi ya mfuto ya karafuu ulizochambua. Zikiwa na makonyo, hazipimwi mpaka uyatoe.

Hakuna neno moja katika (a) ambalo Mpemba hajapata kulisikia. Ugumu umo katika muundo. Vitenzi vimegeuzwa majina: uchumaji, kukamilika, uchambuaji, kuwepo. Watendaji wametoweka: nani anawasilisha, nani anabaini? Sentensi ya (b) inamrudisha mtendaji kwa kiambishi u-, inalitaja doa la mgogoro kwa jina lake, makonyo, na inachagua kipimo kinachohakikika. Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi ni lile ambalo (b) inalifichua. Mara sentensi inapofanywa nyepesi, msomaji anaona kuwa bado haijasemwa nani atashika pishi. Katika (a) pengo hilo lilikuwa limefunikwa na adabu ya kiofisi. Kurahisisha andiko la kazi kwa hiyo ni zaidi ya shughuli ya mhariri, kwa sababu humlazimisha mwajiri aamue jambo aliloliacha bila kuamuliwa, na pengine aliloliacha kwa makusudi.

5.0 Mwajiri mpya, maneno mapya

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa na maelfu ya watu wakagawiwa eka tatu tatu. Ununuzi wa karafuu ukawa wa serikali pekee, na baadaye ukawa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kiswahili kilishika ofisi zote. Kwa mara ya kwanza mkulima, karani na waziri walitumia lugha moja katika karatasi moja. Kama dhana inayohojiwa katika makala haya ingekuwa sahihi, tatizo lingeishia hapo.

Bara, miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, kulifanyika jaribio ambalo lingefaa kulinganishwa na hali ya Pemba. Katika mpango wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO katika mikoa ya Ziwa, vitabu vya kujifunzia kusoma vilitungwa kuhusu pamba, migomba na uvuvi. Mtu alisoma herufi zake za kwanza katika maneno ya kazi yake. Wazo hilo ni ndugu wa pishi: lilianza na kile ambacho msomaji ana mamlaka nacho.

Zanzibar ilipata sheria zake mpya za kazi mwaka 2005: Sheria ya Ajira Na. 11, Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8. Mwaka mmoja kabla, sheria ya ajira ya Tanzania Bara ilikuwa imeweka katika kifungu cha 15 sharti kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo yaliyoandikwa ya ajira yake aelezwe na mwajiri kwa namna atakayoielewa. Lugha ya sheria Bara ilibaki Kiingereza hadi mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Katika muda wote huo, haki ya kuelewa iliandikwa katika lugha ambayo wengi wa waliolengwa hawakuielewa. Wanasheria hawakuiona ajabu hiyo kuwa ajabu.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lililoundwa kwa sheria, limefanya kazi kubwa ya kamusi, ikiwemo Kamusi la Kiswahili Fasaha (2010). Hata hivyo istilahi za kazi zinazotumika ofisini zimetoka sehemu mbili zisizofanana. Ziko zilizotungwa mezani: stahiki, mafao, hifadhi ya jamii. Na ziko zilizotoka kazini. Mfano bora wa hizi ni kiinua mgongo. Aliyelitunga neno hili hajulikani, naye bila shaka alikuwa mtu aliyeinama sana. Ni kile kinachomwinua mtu aliyeinamia kazi miaka mingi. Neno linaeleza malipo hayo ni ya nini, yanatolewa lini, na kwa nini ni haki: mgongo umeinama kwa ajili ya mwajiri. Stahiki haisemi lolote katika hayo. Inasema tu kwamba mtu anastahili, bila kutaja kwa sababu gani. Mfanyakazi mstaafu akienda dirishani kuuliza stahiki zake, ameazima neno la aliye upande wa pili wa dirisha. Akiuliza kiinua mgongo chake, ameleta lake.

Pale Pemba, sheria za 2005 zimewafikia zaidi walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wa hoteli. Mchumaji wa karafuu bado anaafikiana kwa mdomo chini ya mti, kwa kipimo au kwa mgao, kama alivyoafikiana babu yake. Karatasi inaonekana baadaye, kituoni, pale karafuu kavu inapouzwa kwa ZSTC, na inamhusu mwenye karafuu. Katika mnyororo huo wote jina la aliyepanda mkarafuu halihitajiki. Huhitajika tawi likivunjika. Mikarafuu ni mirefu na matawi yake ni dhaifu, na kuanguka ni ajali inayojulikana katika kila shehia yenye karafuu. Hapo ndipo maswali ya kifungu cha 4 yanaporudi kwa sura nyingine: huyu alikuwa akimfanyia nani kazi, kwa siku ngapi, kwa maafikiano gani, na nani aliyashuhudia. Kikaratasi cha kutwa cha karne ya 19 kingeyajibu karibu yote.

Jamaa zake wakiulizwa hospitalini mgonjwa ni mfanyakazi wa nani, hujibu kuwa alikuwa kibarua. Anayeuliza huandika neno hilo katika fomu, na hakuna anayetarajia kuona karatasi.